Alisaini, akalipwa: je, bado ana kesi?

*"Wakili, habari za kazi. Naandika kwa niaba ya mdogo wangu wa kike, ana miaka 22, yupo chuo. Mwaka jana aliona tangazo Instagram la wasichana wa kupiga picha za mavazi. Wakamtumia nauli ya basi kutoka Morogoro hadi Dar. Alipofika hotelini akakuta kazi ni nyingine kabisa, video za ngono. Wakamwambia zinakwenda kwa wateja binafsi wa nje ya nchi, haziwekwi mtandaoni, na mtu wa huku hawezi kuziona. Wakampigia msichana mwingine kwenye simu, akamhakikishia kuwa yeye alishafanya na hakuna kilichotokea. Akasaini karatasi za Kiingereza. Akapewa laki tatu badala ya laki nane walizoahidi. Wiki tatu zilizopita kipande kimeanza kuzunguka kwenye magrupu ya koneksheni, yale ya kurushiana video za ngono, na kuna namba inamtumia meseji atume laki tano ili 'kifutwe'. Mume wangu anasema hapa hakuna kesi: mtu mzima, kasaini, kalipwa. Lakini nimesoma habari za yule mwenye kampuni ya video za ngono Marekani aliyefungwa miaka 27, na wale wasichana nao walisaini na kulipwa. Iliwezekanaje? Na tukienda polisi, si atakamatwa yeye? Baba hajui chochote."*

Dada yangu,

Hayo anayoyasema shemeji ndiyo hayohayo waliyoyasimamia mawakili wa kampuni ile mahakamani San Diego mwaka 2019: ni watu wazima, walisaini, walilipwa. Jaji aliyasikiliza, akayapima, akayakataa. Nitakueleza kwa nini aliyakataa, maana sababu yenyewe inamgusa mdogo wako moja kwa moja. Halafu nitakuonyesha na pale ambapo kesi ile haikusaidii, usije ukaingia ofisini kwa wakili na matumaini ambayo sheria yetu haiwezi kuyabeba.

Uliyemsoma anaitwa Michael James Pratt, mzaliwa wa New Zealand. Mwaka 2009 alianzisha tovuti ya GirlsDoPorn huko San Diego, jimbo la California, na rafiki yake wa tangu utotoni, Matthew Wolfe, akaja kufanya naye kazi. Walichokuwa wakikiuza ni wasichana wa kawaida: wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa dukani, wengi wao wakiwa na miaka 18 hadi ishirini na kidogo, ambao hawajawahi kufanya kazi hiyo na hawana mpango wa kuirudia. Mteja alilipia hilo hasa, kumwona mtu asiye wa kazi hiyo. Sasa jiulize, msichana wa namna hiyo atakubali vipi akiambiwa ukweli, kwamba video itawekwa hadharani na wenzake wa darasani wataiona? Asingekubali, na Pratt alilijua hilo vizuri. Mtaji wa biashara yake haukuwa kamera, ulikuwa uongo.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Tangazo kwenye mtandao wa Craigslist, wanatafutwa mamodeli, nguo mwilini. Msichana akijibu anaambiwa taratibu kuwa kazi ni ya video za ngono, malipo ni maelfu ya dola, na kwamba zitauzwa kwenye DVD kwa wateja binafsi wa nchi za mbali kama Australia na New Zealand, kamwe si mtandaoni. Akisita, anaunganishwa kwa simu na msichana mwingine anayesema, "Mimi nilifanya, hakuna aliyejua." Msichana huyo alikuwa analipwa kusema hivyo. Kisha inakatwa tiketi ya ndege mpaka San Diego, anapelekwa hotelini, na mkataba unawekwa mbele yake dakika za mwisho, wenye lugha nzito na majina ya kampuni ambayo hajawahi kuyasikia. Jina la tovuti halimo. Anaharakishwa asaini. Wapo waliokatwa malipo walipofika, na wapo waliotaka kuondoka wakatishiwa kushtakiwa au kufutiwa tiketi ya kurudi nyumbani. Baada ya muda mfupi video iko mtandaoni, na vipande vyake vinawekwa Pornhub, tovuti kubwa ya video za ngono, ili kuvuta wateja. Waliopiga simu kulalamika hawakupata wa kuwasikiliza. Kwa maelezo ya waendesha mashtaka wa Marekani, biashara hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 17.

Sasa irudie barua yako. Tangazo la mavazi, nauli, hoteli, msichana wa kwenye simu, karatasi, malipo yaliyokatwa. Siwezi kusema waliomrubuni mdogo wako wamejifunza kwa Pratt. Ila wamepita njia ileile, na mahakama imeshaipa njia hiyo jina.

Hapo kwenye simu naomba tusimame kidogo, maana ndipo watu wanapomlaumu zaidi msichana: "Si angekataa?" Mtu aliyesafiri saa kadhaa, yuko kwenye hoteli asiyoijua, hana nauli ya kurudia isipokuwa ya mkononi mwa wenyeji wake, anapewa simu. Upande wa pili kuna sauti ya msichana wa rika lake, anaongea kama yeye, anacheka, anamwita "mdogo wangu". Simu ile haimlazimishi. Inamwondolea ile sababu moja iliyokuwa inamzuia, hofu ya kujulikana. Ikishaondoka hiyo, anakubali. Lakini amekubali nini? Amekubali video ambayo haitaonekana. Video inayoonekana hakuikubali hata sekunde moja, na hata kuulizwa hakuulizwa.

Hapo ndipo kesi nzima ya San Diego iliposimama. Watu wengi hudhani Pratt amefungwa kwa kutengeneza video za ngono. Hapana. California, kupiga video ya ngono kwa watu wazima waliokubali si kosa. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilishaamua hivyo mwaka 1988. Angewaambia ukweli wangemkatalia wengi na wachache wangekubali, na leo angekuwa mfanyabiashara huru, upende biashara yake au usiipende. Alifungwa kwa udanganyifu na shuruti. Sheria ya shirikisho ya Marekani inasema kumpata mtu mzima kwa ajili ya biashara ya ngono kwa nguvu, kwa hila au kwa shuruti ni usafirishaji haramu wa binadamu. Neno "hila" limo humo kwa makusudi. Pingu hazihitajiki, wala mlango kufungwa kwa ufunguo.

Kesi zenyewe zilikuwa mbili, na ni vizuri uzitofautishe. Ya kwanza ni ya madai. Juni 2016 wanawake wanne waliishtaki kampuni kwa majina ya kufichwa, na hadi shauri linasikilizwa walikuwa 22. Lilisikilizwa na Jaji Kevin Enright bila lile jopo la raia wa kawaida ambalo kwao huamua kesi. Tarehe 2 Januari 2020 akawapa ushindi: fidia ya zaidi ya dola milioni 12.7, mikataba haina nguvu, haki za video zirudi kwa wanawake wenyewe, na wenye kampuni waziondoe zilikotapakaa. Ya pili ni ya jinai. Oktoba 2019, shauri la madai likiwa bado linaendelea, serikali ya Marekani ikafungua mashtaka, na Pratt alikuwa ameshatoroka. Septemba 2022 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakamweka kwenye orodha yao ya watu kumi wanaosakwa zaidi, na Desemba mwaka huohuo akakamatwa Madrid, Hispania. Alirudishwa Marekani Machi 2024, akakiri makosa Juni 2025, na Septemba 2025 akahukumiwa miaka 27. Andre Garcia, aliyekuwa akiwashawishi wasichana na kuonekana nao kwenye video, alikuwa ameshapata miaka 20. Wolfe alipata 14 na mpiga kamera wao minne. Katika kesi ya Garcia mahakama ilitambua haki za wanawake 402 juu ya video zao.

Na aliyefaidika naye hakubaki salama. Kampuni inayomiliki Pornhub ilimalizana mwaka 2021 na wanawake wapatao 50 waliokuwa wameishtaki. Desemba 2023 ikakubaliana na waendesha mashtaka wa New York kulipa zaidi ya dola milioni 1.8 na kuwekewa msimamizi wa nje kwa miaka mitatu, kwa sababu ilipokea fedha zilizotokana na biashara ya Pratt.

Tuje nyumbani. Shemeji ametaja saini, basi tuanze na saini.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kwamba saini ni ridhaa. Inasema ridhaa lazima iwe huru, na kifungu cha 14 kinataja vinavyoiondolea uhuru: shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu, taarifa za uongo. Kifungu cha 17 kinaeleza udanganyifu ni nini, na ndani yake imo ahadi iliyotolewa bila nia ya kuitimiza. "Haitawekwa mtandaoni" ni ahadi ya namna hiyo hasa, kama tukithibitisha kuwa walijua tangu mwanzo itawekwa. Kwa kifungu cha 19, aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba. Na kuna kifungu cha 23, ambacho Wamarekani hawakukihitaji ila sisi tunacho: makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria, au ambalo mahakama inaliona ni kinyume cha maadili, ni batili. Kusambaza ponografia kwa kompyuta na simu ni kosa hapa kwetu kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Karatasi ile hata ingekuwa imesainiwa kwa utulivu mbele ya mashahidi kumi, mahakama ya Tanzania haiwezi kumwambia mtu "nenda kaisambaze, una mkataba".

Ila kifungu hicho kinakata pande zote mbili. Mdogo wako naye hawezi kwenda mahakamani kudai zile laki tano alizopunjwa kwa kuutegemea mkataba huohuo. Hizo zisahauni. Na msitegemee sana hoja ya kwamba karatasi zilikuwa za Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo anasoma kwa Kiingereza, na hakimu atamuuliza hivyo hivyo. Hoja ya nguvu ni uongo, tena uongo wa jambo moja: video itaonekana na nani.

Kuhusu malipo, nayo ni rahisi kuliko inavyosemwa mitaani. Fedha inaonyesha kuwa kulikuwa na makubaliano. Haionyeshi makubaliano yalikuwa ya nini. Wale wa San Diego walilipwa kwa dola.

Lipo jingine ambalo pengine hakuna aliyewaambia. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa anayemchukua au kumsafirisha mtu kwa kisingizio cha ajira kwa lengo la kumtumia kingono, na ponografia imetajwa humo. Watu wakisikia usafirishaji haramu wanafikiria kontena na mipaka. Basi la kutoka Morogoro linatosha. Tangazo la mavazi ndilo kisingizio, na nauli ndiyo usafiri. Muamala wa ile nauli, kama ulipita kwenye simu, ni ushahidi wenye thamani kuliko mnavyodhani, kwa hiyo ombeni taarifa ya miamala ya kipindi hicho kwenye mtandao wa simu mapema.

Umeuliza kama akienda polisi atakamatwa yeye. Sitakudanganya kwamba hofu hiyo haina msingi. Ile Sheria ya Makosa ya Mtandao inamgusa anayechapisha na anayesababisha kuchapishwa, na nimeshaona askari wa kaunta aliyeanza kwa kumhoji msichana badala ya kuchukua malalamiko yake. Mdogo wako hakuchapisha na hakuruhusu ichapishwe, hivyo kisheria yeye ni mlalamikaji. Lakini maelezo ya kwanza anayoandikisha kituoni yatamfuata mpaka mwisho wa kesi, na msichana mwenye aibu huanza na yale anayojilaumu kwayo: "Nilikubali, nikapewa hela." Anasahau tangazo, anasahau simu. Kwa hiyo msiende peke yenu. Anzeni kwa wakili, kaeni naye mpange maelezo kwa mfuatano wa tarehe, tangu tangazo hadi meseji ya mwisho, kisha mwende naye Dawati la Jinsia na Watoto. Huko ndiko kwenye askari waliofundishwa kuwapokea watu wa namna hii. Msiondoke bila RB, namba ya malalamiko yenu kituoni. Kama fedha ya wakili hakuna, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa msaada wa kisheria bila malipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma wengine hata wilayani.

Kuna swali ambalo wakili atamuuliza faragha, nawe usilichokonoe sana nyumbani: je, pale hotelini alisema hapana akalazimishwa? Alizuiwa kutoka? Alinyweshwa kitu? Kama ndivyo, tunaingia kwenye makosa ya kujamiiana, na kila kitu kinabadilika. Mwache alijibu kwa mtu atakayejua la kufanya na jibu hilo.

Sasa hiyo namba inayodai laki tano. Asitume. Najua mnavyojisikia, kwamba laki tano si kitu mkilinganisha na jina la mtoto. Lakini kipande kilichokwisha kuingia kwenye magrupu hakipo tena mikononi mwa mtu mmoja. Anayedai hela hana uwezo wa kukifuta, alichonacho ni uwezo wa kudai tena wiki ijayo. Kila mteja wangu aliyelipa alirudiwa. Meseji hizo zenyewe ni kosa na ni ushahidi, na laini za simu siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo polisi wana pa kuanzia. Asimjibu kwa matusi, asimwombe, asiifute namba. Meseji za WhatsApp mtu anaweza kuzifuta upande wake na kwako zikapotea, kwa hiyo pigeni skrinishoti leo, namba na tarehe zionekane, na simu yenyewe msiiuze wala kuifuta yote iwe kama mpya. Mahakama zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila zitataka kujua ulitoka kwenye kifaa gani na nani alikitunza. Nimewahi kuona kesi nzuri ikilegea kwa sababu dada mtu, kwa nia njema, alifuta kila kitu ili mdogo wake asikione tena.

Ushahidi wa kipande chenyewe uwekeni hivi: anuani ya ukurasa, jina la grupu, namba ya aliyekirusha, tarehe na saa. Kipande chenyewe msikirushe kwa mtu yeyote, hata kwa shangazi "aone mambo yalivyo", maana kukirusha nako kunaweza kuhesabika kuwa ni kusambaza.

Kukiondoa mtandaoni ndiko ambako mnapaswa kuwa na subira na ukweli. Wale wanawake wa Marekani walipata silaha moja kubwa: jaji aliwapa haki za video zao, na kwa sheria ya hakimiliki ya kule mwenye video akiandikia tovuti, tovuti inapaswa kuiondoa. Mdogo wako hana amri hiyo, na hakimiliki ya filamu kwa kawaida huanzia kwa aliyeitengeneza. Lakini hakosi cha kufanya. Mitandao mikubwa, pamoja na Pornhub, ina fomu za kuripoti picha za utupu zilizowekwa bila ridhaa, na Google ina fomu ya kuziondoa kwenye matokeo ya utafutaji. Anayeripoti awe yeye mwenyewe, au aseme wazi anaripoti kwa niaba ya nani.

Ipo pia huduma ya StopNCII, ya bure, ya watu wenye miaka 18 na kuendelea. Wengi huiogopa wakidhani inabidi wapakie video yao huko, kwa hiyo nieleze inavyofanya kazi. Unaifungua kwenye simu yako, unachagua faili, na simu yenyewe inakokotoa alama ya faili hilo, mfuatano wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole gumba. Faili linabaki kwenye simu, inayotoka ni ile alama tu. Alama inagawiwa kwa kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram, TikTok, Reddit na Pornhub, na mtu akijaribu kupakia faili lenye alama hiyo linanaswa. Udhaifu wake ni wa namna mbili: kipande kilichokatwa au kuhaririwa sana kinaweza kupita, na haiwezi kuingia ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa kuwa yale yamefungwa kwa mwenye kutuma na mwenye kupokea tu. Huko kwenye magrupu kazi ni ya kuripoti grupu lenyewe na kumpelekea polisi namba ya kiongozi wake. Malalamiko ya kutumiwa kwa picha yake bila ridhaa yanaweza pia kufika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya mwaka 2022.

Je, kitaisha kabisa? Pengine hapana. Kinachowezekana ni kukifanya kiwe kigumu kupatikana, na jina lake lisiambatane nacho. Video za wale wanawake ziliendelea kuibuka hata baada ya hukumu, na kutoka tovuti kufunguliwa hadi Pratt kufungwa miaka 27 ilipita miaka 16. Na hukumu ya mamilioni dhidi ya mtu aliyetoroka, kuikusanya ni kazi nyingine. Mkiamua kupigana, pigeni mkijua hilo.

Lakini jambo lililowapa ushindi mnaweza kuliiga hata hapa. Walikuwa 22. Mmoja angesimama peke yake ingekuwa neno lake dhidi ya saini yake. Waliposimama wanawake wa majimbo mbalimbali wasiojuana, kila mmoja akaeleza tangazo lilelile, simu ileile, ahadi ileile ya DVD za ng'ambo, haikuwezekana tena kusema kila mmoja amejitungia. Waliomdanganya mdogo wako hawakuandaa hoteli, kamera na karatasi za Kiingereza kwa ajili ya msichana mmoja. Wapo wengine, na baadhi wanajiuliza sasa hivi swali lako hili. Hata yule wa kwenye simu anaweza kuwa alilipwa, au naye alidanganywa kabla yake, na anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko wote. Msimtafute wenyewe. Mpeni wakili namba.

Kabla ya yote hayo, mtazame mdogo wako. Baadhi ya wale wanawake waliiambia mahakama kuwa waliacha chuo, wakajifungia, na wapo waliofikiria kujiua. Ukimwona hapati usingizi, hali chakula, anagawa vitu vyake, au anasema maneno kama "bora nisingekuwepo", usingoje wakili wala polisi. Mpeleke hospitali ya mkoa siku hiyohiyo, aonane na daktari wa afya ya akili, na usiku asilale peke yake. Kama hajapima afya tangu siku ile, nalo apime, bila kulifanya lionekane kama adhabu.

Zile karatasi alizosaini, kama alipewa nakala, zitieni kwenye bahasha mwende nazo kwa wakili. Kama hakupewa nakala, aandike hivyo kwa mkono wake, na tarehe, na kila jina analolikumbuka lililokuwa juu yake.

Na baba. Kwa magrupu yalivyo, atajua, na ni heri ajue kwenu kuliko kwa jirani aliyemwonyesha simu. Muulize mdogo wako kwanza, ni siri yake. Akikubali, nenda naye, kaa upande wake. Anzeni na tangazo na nauli na ile simu, mfike kwenye neno "alidanganywa" kabla ya kufika kwenye video, na baada ya hapo mwacheni mzee aulize mwenyewe.